Je, bakteria aliyekufa kwa moto anaweza kumrithisha aliye hai?

#1 Baraza_la_Langoni, Lamu

Assalaam alaikum wanajamvi. Jana baada ya sala ya alasiri tulikuwa barazani hapa Langoni, na mtoto wa ndugu yangu, ambaye yuko likizo kutoka chuo kikuu, akanikuta nikijigamba kwamba maji ya kisima chetu, kwa kuwa tunayachemsha mpaka yakatokota, hayana tena kitu cha kumdhuru mtu. Kuhusu maji hakunipinga, lakini alisema jambo lililonikosesha usingizi: kwamba bakteria anaweza kuuawa kwa moto, akafa kabisa, kisha mwenzake aliye hai akaokota vinasaba vya yule marehemu, akavitia mwilini mwake, na tangu saa hiyo yeye na vizazi vyake vyote wakawa na sifa ya marehemu. Nilimwambia hiyo ni ngano ya majini. Akacheka, akashuka zake forodhani kuogelea. Nauliza wenye elimu: je, jambo hili lina ukweli? Na kama ni kweli, huyo aliye hai anakiingizaje kitu cha namna hiyo, na anakitakia nini?

#2 Mpinzani_Halali

Waalaikum salaam. Kabla ya kukosa usingizi, tafuta kwanza sababu iliyo karibu. Anayedai kuwa amewaua bakteria wote kwa moto aghlabu hakuwaua wote. Wachache hujificha katika mabonge, joto likawapitia juu juu, kisha wakazaana, na watu wakadhani wafu wamefufuka. Mimi nimewahi kuchemsha maziwa jioni nikayafunika vizuri, na asubuhi nikayakuta yameganda, wala sikusema kwamba kuna marehemu aliyerithiwa humo ndani.

#3 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Pingamizi la #2 ni la haki, na mtu yeyote makini angelianza nalo. Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kisa hiki nilikipenda kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie nikikieleza kwa urefu.

Mwaka 1928 Frederick Griffith, daktari aliyefanya kazi katika maabara ya serikali mjini London, alichapisha majaribio yake juu ya bakteria wa nimonia, ugonjwa ambao wazee wetu waliuita kichomi. Bakteria hao alikuwa nao wa namna mbili. Wa kwanza wamezungukwa na kifuko cha utelezi kilichoundwa kwa sukari, kwa hiyo kundi lao likiota kwenye sahani ya maabara huonekana laini na lenye kung'aa, na panya akidungwa hao hufa. Wa pili wamepoteza kifuko hicho, kundi lao huonekana limekwaruzika, na panya akidungwa hao huishi, kwa sababu chembe za kinga humkamata kwa urahisi bakteria asiye na kifuko. Griffith aliwaua wale wenye kifuko kwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi, akamdunga panya, na panya akaishi. Kisha akawachanganya wafu hao na wale hai wasio na kifuko. Panya wakafa, na katika damu yao akakuta bakteria hai wenye kifuko.

Sasa ndugu Mpinzani, tazama alivyofunga mlango. Vifuko hivyo vina aina nyingi, nazo zimepewa namba. Wafu walikuwa wa aina ya III, ilhali walio hai walitokana na aina ya II. Waliokutwa katika damu ya panya walikuwa na kifuko cha aina ya III. Kama walio hai wangekuwa wamejirudia wenyewe katika hali yao ya zamani, wangevaa kifuko cha aina ya II. Na kama wapo wafu walionusurika, wangelimwua yule panya aliyedungwa wao peke yao.

#4 Mpinzani_Halali

Nimekubali nusu. Huenda walionusurika walikuwa wachache mno kiasi cha kushindwa kumwua panya peke yao, lakini walipochanganywa na wenzao wakapata kivuli cha kujificha, wakazaana. Mlango huo bado uko wazi, mwalimu.

#5 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Ungelikuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Mlango huo ulifungwa na wengine. Mwaka 1931 mgeuko huo huo ulipatikana ndani ya chupa bila panya yeyote, na mwaka 1932 James Alloway aliwapasua bakteria wenye kifuko, akapitisha maji yao katika chujio ambalo bakteria mzima hawezi kulipita, na maji hayo matupu yakatosha kuwageuza walio hai. Hapo hakuna tena wa kunusurika, kwa sababu hakuna mwili, kuna mchuzi tu.

#6 Mwana_wa_Mkomani, Lamu

Mimi ni mtu wa mirathi, na katika mirathi hakuna anayerithi bila kuthibitisha nasaba au ndoa. Hawa wadudu wanaokota tu mali ya maiti njiani bila kadhi wala mashahidi? Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani walikusudia hivi.

#7 Pwani_Tupu

Ahsante mwalimu. Kwa hiyo Griffith ndiye mtu aliyegundua DNA, ile kemikali inayobeba vinasaba, sivyo?

#8 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Sivyo, ndugu yangu, na kosa hili ni la kawaida sana. DNA ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 na Friedrich Miescher huko Ujerumani, kutoka katika usaha uliokuwa kwenye bendeji za hospitali. Griffith hakujua ni kitu gani kilichowageuza bakteria wake. Alifariki mwaka 1941 katika mashambulizi ya mabomu juu ya London, kabla jibu halijapatikana.

Jibu lilitoka New York mwaka 1944, kwa Oswald Avery na wenzake Colin MacLeod na Maclyn McCarty. Walichukua ule mchuzi wa bakteria wakausafisha hatua kwa hatua. Vimeng'enya vinavyosaga protini havikuuzuia kufanya kazi yake, wala kile kinachosaga RNA, kemikali iliyo jamaa ya DNA, lakini kimeng'enya kinachosaga DNA kikaukatisha kabisa. Mimi hufanya kazi ya maabara, na sehemu ninayoipenda ni ile ya pombe kali: walipoitia taratibu huku wakikoroga, kitu kile kikajitokeza kama nyuzi nyeupe, zikajiviringisha kwenye kijiti cha kioo kama uzi kwenye kibiringo. Wengi wakati huo waliamini kwamba urithi lazima uwe kazi ya protini, na Avery alifariki mwaka 1955 bila kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma.

#9 Baraza_la_Langoni, Lamu

Shukrani. Naona nitalazimika kumwomba kijana radhi, lakini si leo. Nielezeni sasa huo uzi unaingiaje. Bakteria hana mdomo, na nimesoma kuwa ana ukuta.

#10 Binti_Faza, Nairobi

Ami, ana ukuta, na wengine wana ukuta pamoja na tando mbili. Nitaeleza kwa mfano wa bakteria wa kipindupindu, kwa sababu huyo amepigwa picha akifanya tendo lenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani walitia rangi zenye kung'aa kwenye DNA na kwenye vinywele vyembamba vinavyotoka katika mwili wa bakteria huyo, wakavitazama kwa darubini. Kinywele hurefuka nje, ncha yake ikagusa kipande cha DNA kinachoelea, ikakinasa, kisha kinywele kikarudi ndani kikikivuta kipande hicho kupitia tundu lililo kwenye utando wa nje.

Kikishafika katika nafasi iliyo kati ya tando mbili, protini hukishika kisiponyoke, na kadiri kipande kinavyoingia ndivyo protini zaidi zinavyokishika, kwa hiyo hakiwezi kurudi nyuma. Utando wa ndani ndio wenye mlinzi mkali zaidi. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, lakini mlango wa utando huo hupitisha uzi mmoja tu, na ule wa pili husagwa. Uzi unaoingia hupokewa mara moja na protini zinazoulinda usikatwekatwe, na nyingine iitwayo RecA huupeleka kwenye DNA ya bakteria mwenyewe, ikatafuta mahali panapofanana nao, kisha ule mgeni ukaingizwa na wa zamani ukatolewa. Hapo ndipo urithi unapokamilika, wala si pale kinywele kilipovuta.

#11 Mtepe_Mkuukuu, Shela

Basi huyu ni mvuvi wa mshipi kama mimi, na sasa naelewa kwa nini sikupata kitu wiki nzima: washindani wamekuwa wengi baharini. Je, ndoana yake ni ya namna gani?

#12 Binti_Faza, Nairobi

Ndoana hakuna, mzee wangu. Ncha yenyewe ndiyo inayoshikamana na DNA. Ni mshipi usio na chambo, na mwembamba kuliko unywele wa mtu zaidi ya mara 10,000.

#13 Mpinzani_Halali

Mnazungumza kana kwamba kila bakteria ana mshipi huu. Kama ingekuwa hivyo, dunia nzima ingekuwa na bakteria wa aina moja waliochanganyikana, na hakuna ambaye angeweza kuwapa majina.

#14 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Ni kweli kwamba si wote. Spishi zilizothibitishwa kufanya hivyo kwa asili yake ni kama 80, ingawa orodha huongezeka kila wanasayansi wanapojua hali gani huwaamsha. Neno kubwa hapa ni utayari, kwa kuwa bakteria hawaokoti kila saa. Yule wa nimonia hutoa nje kipande kidogo cha protini kilichoungwa kwa vipande 17 vya kujengea protini, na kipande hicho kikishakuwa kingi kati yao wote husikia kwa pamoja, kama watu wa mji siwa ikipulizwa, na kwa muda mfupi tu wakawa tayari. Bakteria wa udongo aitwaye Bacillus subtilis huwa tayari chakula kinapopungua, na hata hapo ni kama mmoja kati ya 10 tu anayefungua mlango, huku wenzake wakishika njia nyingine. Wa kisonono, kwa upande wake, huwa tayari muda wote wa maisha yake.

#15 Mwana_wa_Mkomani, Lamu

Hilo la kisonono halinishangazi hata kidogo. Lakini swali langu la #6 halijajibiwa: hawaulizani nasaba?

#16 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Ulifanya mzaha, lakini umegusa mahali penyewe. Wapo wanaouliza, tena kwa ukali. Bakteria aitwaye Haemophilus influenzae, ambaye huishi katika pua na koo na wakati mwingine huleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto, hupendelea DNA yenye neno fulani la herufi 9, na herufi ni vile vipande vya kemikali vya namna nne vinavyopangana katika uzi wa DNA. Alipokuwa bakteria wa kwanza kusomwa herufi zake zote, mwaka 1995, neno hilo lilikutwa karibu mara 1,500 katika herufi zipatazo milioni 1.83, ilhali kwa kubahatisha tu lisingetokea hata mara 20. Ni kama ukoo uliopiga muhuri kila chombo cha nyumbani, ili marehemu akifa jamaa watambue kilicho chao. Wa kisonono naye ana muhuri wake wa herufi 10.

Bacillus subtilis na yule wa nimonia hawaulizi muhuri mlangoni. Huingiza chochote, hata DNA ya samaki. Lakini ndani nako kuna kadhi: kama uzi haufanani vya kutosha na DNA ya mwenye nyumba, haupati mahali pa kukaa, na huishia kuvunjwavunjwa. Kwa hiyo mgeni wa mbali anaweza kukaribishwa sebuleni, lakini harithi.

#17 Kamba_wa_Ungwana, Malindi

Habari zenu. Mimi nauza kamba na kaa, mzigo mwingi ukitoka Ghuba ya Ungwana, na maganda tunayoyatupa kwa siku ni matenga mengi. Binti_Faza alimtaja bakteria wa kipindupindu, na nimewahi kuambiwa na afisa wa afya kwamba bakteria huyo hupenda maganda. Je, jambo hili linahusiana na mazungumzo haya au ilikuwa njia ya kunitisha nisafishe gati?

#18 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Linahusiana sana. Bakteria wa kipindupindu kwa asili yake ni mkazi wa maji ya chumvi na ya mito inapokutana na bahari, na huishi akiwa amejibandika kwenye viumbe wadogo wenye magamba wanaoelea majini. Magamba hayo, pamoja na maganda ya kamba na kaa, yameundwa kwa kitu kiitwacho kitini. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba kitini ndicho kinachomwamsha. Katika maji matupu ya maabara haokoti chochote, lakini mweke juu ya kipande cha ganda la kaa, naye hujenga kinywele chake na kuanza kuokota DNA. Watu walikuwa wamemchunguza tangu karne ya kumi na tisa bila kujua kuwa ana uwezo huo, kwa sababu hakuna aliyempa ganda.

Mwaka 2015 ikaonekana jambo la kutisha zaidi. Kitini hicho hicho kinapomwamsha, humwamsha pia ashike mkuki: ana chombo kama sindano yenye kusukumwa kwa nguvu, ambacho humdunga jirani asiye wa aina yake mpaka akapasuka. DNA ya jirani ikamwagika, naye akaiokota.

#19 Mwana_wa_Mkomani, Lamu

Kwa sheria tunayoifuata sisi, aliyemwua marehemu harithi. Naona kadhi wa huko chini hajasoma.

#20 Pwani_Tupu

Nimeelewa sasa. Ndiyo maana kipindupindu kilikuwa hatari: bakteria alikaa kwenye maganda akaokota sumu ya wenzake waliokufa.

#21 Binti_Faza, Nairobi

Hapana, samahani. Vinasaba vya sumu ya kipindupindu vililetwa na kirusi. Waldor na Mekalanos walionyesha mwaka 1996 kwamba vinasaba hivyo vimo ndani ya kirusi anayeshambulia bakteria, ambaye huingia mwilini mwa bakteria na kujipachika katika DNA yake. Tusichanganye njia tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni hii ya kuokota DNA iliyo wazi. Ya pili ni ya bakteria wawili hai kugusana na mmoja kumpitishia mwenzake, ambayo Lederberg na Tatum waliieleza mwaka 1946. Ya tatu ni ya kirusi kubeba vinasaba kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Hata hivyo Pwani_Tupu hajapotea mbali. Mwaka 1992 ilitokea aina mpya ya kipindupindu iliyoitwa O139 katika nchi za India na Bangladesh, iliyokuwa na vazi la nje tofauti na lile lililozoeleka, na watu wazima waliokuwa na kinga ya zamani wakaugua. Mwaka 2007 ilionyeshwa katika maabara kwamba bakteria wa vazi la zamani akiwekwa juu ya ganda la kaa pamoja na DNA ya O139 anaweza kubadilisha vazi kwa hatua moja. Kwamba ndivyo ilivyotokea baharini hakuna aliyeshuhudia, lakini njia ipo.

#22 Mama_wa_Maweni, Malindi

Nimesoma yote haya kwa hofu. Mwanangu alilazwa kwa nimonia akiwa na miezi 7, na dawa ya kwanza aliyopewa haikumsaidia hata kidogo. Alipobadilishiwa ndipo akapata nafuu. Alikuwa amekwisha kupata chanjo zote. Je, ni kwa sababu ya huku kuokotana? Na kama bakteria wa nimonia hubadilisha kifuko, chanjo ina faida gani?

#23 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Pole, mama, na tunashukuru kuwa alipona. Kuhusu mtoto wako mwenyewe hakuna awezaye kusema kutoka hapa, kwa sababu nimonia huletwa na bakteria mbalimbali na hata virusi. Lakini mambo mawili uliyoyauliza yanajulikana.

Kwanza, usugu wa dawa. Penisilini humwua bakteria wa nimonia kwa kushika protini zinazojenga ukuta wake. Wale walio sugu, vinasaba vyao vya protini hizo vikisomwa, huonekana kama kanga iliyotiwa viraka: kipande ni chake, kipande ni cha jamaa yake anayeishi kinywani bila kumdhuru mtu, kisha kipande ni chake tena. Viraka hivyo viliokotwa.

Pili, chanjo. Kifuko kile cha Griffith ndicho ambacho chanjo humfundisha mwili kukitambua, na aina za vifuko zinazojulikana zimepita 90. Chanjo iliyoanza kutolewa nchini Kenya Januari 2011 ilikuwa na aina 10, zilizochaguliwa kwa kuwa ndizo zinazowaua watoto zaidi. Hapa kwetu katika kaunti ya Kilifi ilifuatiliwa kwa karibu sana na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, na magonjwa makali ya aina hizo 10 yalipungua mno, hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa. Ni kweli kwamba bakteria mmoja anaweza kuokota vinasaba vya kifuko cha mwingine na kuikwepa chanjo, na jambo hilo limeonekana katika nchi kadhaa. Ndiyo maana chanjo hutengenezwa upya kwa kuongezwa aina. Usiache kumpeleka mtoto.

#24 Mama_wa_Maweni, Malindi

Ahsante sana, mwalimu. Sasa nimetulia kidogo.

#25 Mpinzani_Halali

Nimekubali kwamba linatokea. Nusu ile iliyobaki nimeitoa. Lakini Baraza_la_Langoni aliuliza jambo la pili ambalo wataalamu wetu wamelikimbia: bakteria anakitakia nini? Mimi nasema ni njaa. DNA ni chakula. Ina sukari, ina fosfati, ina naitrojeni, na imetapakaa kila palipo na wafu. Anayekula samaki hali kwa kusudi la kuwa samaki.

#26 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Una mshirika mwenye jina. Rosemary Redfield wa Kanada ameitetea hoja ya chakula kwa miaka mingi, na ana ushahidi: yule Haemophilus huwa tayari pale vipande vya kujengea DNA vinapopungua, na ukimpa vipande hivyo huacha kuokota. Tena alitoa hoja nzuri juu ya urithi wenyewe, kwamba DNA ya maiti ni ya aliyeshindwa kuishi, sasa kwa nini umrithi aliyeshindwa?

#27 Binti_Faza, Nairobi

Mimi sikubaliani na hoja ya njaa, kwa heshima zote. Mwenye njaa hatupi nusu ya sahani. Bakteria wa nimonia huuvunja uzi mmoja akiwa bado nje, na ule unaoingia, badala ya kuumeng'enya, huupa walinzi wasioruhusu ukatwe. Mashine ya kuupachika uzi huo kwenye DNA hutengenezwa wakati ule ule wa utayari. Mtu anayekwenda sokoni kununua samaki hachukui fundi wa jahazi.

Kuhusu kumrithi aliyeshindwa, jibu limo katika #18. Jirani aliyechomwa mkuki hakushindwa na maisha. Aliuawa akiwa mzima. Bakteria wa nimonia naye anapokuwa tayari hutoa kimeng'enya kinachowapasua jamaa zake ambao hawajawa tayari.

#28 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Nami niongeze ya tatu. Wapo wanaosema ni matengenezo: DNA ya bakteria ikivunjika, huokota ya mwenzake iwe kiolezo cha kujaza pengo, kama fundi anavyopima ubao mpya kwa ubao wa jahazi jirani. Bakteria wa nimonia akipewa mitomisini, ambayo huharibu DNA, au baadhi ya viuavijasumu, huingia katika utayari. Hilo lilichapishwa mwaka 2006. Kwetu maabara hiyo si habari njema, kwa sababu maana yake ni kwamba dawa yenyewe inaweza kumchochea bakteria atafute usugu.

#29 Kibao_cha_Chaki, Malindi

Hoja ya matengenezo ilijaribiwa na Redfield huyo huyo mwaka 1993 kwa Bacillus subtilis na Haemophilus. Aliharibu DNA yao akangoja, na utayari haukuongezeka. Kwa hiyo linalosemwa juu ya bakteria mmoja huenda lisiwe la mwingine.

#30 Mtepe_Mkuukuu, Shela

Sisi wavuvi tunatupa mshipi ule ule, mmoja anataka kitoweo, mwingine anataka cha kuuza, na yuko jirani yangu anayetaka tu kukaa mbali na nyumbani mpaka magharibi. Kwa nini mnalazimisha sababu iwe moja?

#31 Binti_Faza, Nairobi

Kwa kuwa mzee ametutuliza, niwape kisa changu. Bakteria wa tumboni tunayemtumia chuoni, E. koli, kwa kawaida haokoti hata kidogo, kwa hiyo humlazimisha: humweka katika maji ya kloridi ya kalsiamu ndani ya barafu, kisha ghafla unampeleka kwenye nyuzi 42 kwa muda wa dakika moja hivi, kisha barafuni tena. Mandel na Higa walianza kutumia kalsiamu hivyo mwaka 1970, na bila ujanja wa namna hiyo tusingepata bakteria wa kututengenezea insulini ya binadamu. Mimi mara yangu ya kwanza nilisubiri kwa hamu makundi yenye kung'aa rangi ya kijani, alama kwamba wameipokea DNA tuliyowapa, na asubuhi nikakuta sahani nyeupe kama ukuta wa msikiti. Barafu ilikuwa imeyeyuka kitambo nikiwa nazungumza na simu. Mwalimu wangu hakusema neno, alinionyesha tu ndoo.

#32 Baraza_la_Langoni, Lamu

Pole, mwanangu. Kabla hatujaendelea, nirudishe maji yangu. Nikichemsha maji ya kisima, DNA ya waliokufa si imo humo? Na jabia, yaani birika la maji, la nyumba yetu ya zamani lina samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hao nao wanaacha yao. Je, tunakunywa urithi wa watu?

#33 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Imo, na haidhuru. Kila ukila samaki au mchicha unakula DNA nyingi kuliko iliyo katika mtungi wa maji, na tumbo lako huivunja. Yale majaribio ya Griffith yalikuwa ya nyuzi 60. Ukichemsha kwa nyuzi 100 nyuzi mbili za DNA huachana na kuanza kukatika. Endelea kuchemsha. Kinachokuua ni bakteria hai, na kisima kilicho karibu na choo ndicho cha kuogopwa.

#34 Kamba_wa_Ungwana, Malindi

Na maganda yangu?

#35 Darubini_ya_Sabaki, Malindi

Usiyatupe gatini. Afisa wa afya alikuwa na haki, hata kama hakukueleza sababu yote.

#36 Baraza_la_Langoni, Lamu

Nimemwomba kijana radhi, akanipa maelezo ya nne ili nisije nikadhani nimemaliza. Anasema mwaka 2016 Nicholas Croucher na wenzake walitoa hoja kwamba bakteria huokota DNA ili kujisafisha. Virusi na vinasaba vinyonyaji vilivyo kama kupe hujipachika katika DNA yake na kuishi humo bila kulipa kodi, naye akiokota kipande safi cha jamaa asiye na kupe huyo, kipande hicho huchukua nafasi na kupe akatupwa nje. Ushahidi wake ni kwamba baadhi ya kupe hao hujipachika katikati ya vinasaba vya utayari vyenyewe, wakavivunja, kana kwamba wanajua mlango huo ndio utakaowatoa.

#37 Mpinzani_Halali

Au wamejipachika hapo kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Muulize: kama kuokota ni kwa ajili ya kuwafukuza kupe, kwa nini mlango huo huo haukatai kupe wapya wanaoelea nje pamoja na DNA nyingine?

#38 Baraza_la_Langoni, Lamu

Amekwisha kulala. Nitamwuliza asubuhi akinywa chai.